Wenyewe Hawapo

Tarehe 27 Desemba, saa nne asubuhi, mtu alipiga hodi getini kwetu Kimara.

Nilikuwa jikoni natafuta mfuniko wa sufuria. Nikatoka na kanga yangu ya nyumbani, nikafungua kijidirisha cha geti, nikamkuta mjumbe wetu wa mtaa, mzee anayenijua tangu nabebwa mgongoni. Alikuwa ameshika kofia mkononi na daftari la kaunta kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Wenyewe wapo?"

"Hawapo. Wamekwenda Moshi."

Akatazama chini, kama anayepima aseme au aache. Kisha akasema, "Haya. Wakirudi waambie nilipita." Akavaa kofia yake, akashika njia ya bondeni.

Nikafunga kijidirisha, nikarudi kwenye sufuria.

Mazungumzo yote hayo hayakufika nusu dakika. Leo ni wiki ya sita na bado nayasikia. Nayasikia nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi, nayasikia nikiosha vyombo usiku. Nina miaka 27. Nimekulia katika nyumba ile, na alama za penseli za kimo changu bado ziko kwenye fremu ya mlango wa stoo. Siku hiyo funguo zake zote, pamoja na wa chumba cha wazazi, zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga niliyovaa.

Nikaulizwa kama mwenye nyumba yupo, nikasema hayupo.

Nyumba niliyoitamani

Desemba ya Wachaga mnaijua, kila mtu hurudi kwao Kilimanjaro, sitaieleza zaidi. Kwetu ni Rombo, ingawa mtaani tunasema tu Moshi. Waliondoka alfajiri ya tarehe 20 kutoka stendi ya Mbezi: baba, mama, kaka na mkewe na watoto wao wawili, na mdogo wangu wa kiume. Mimi nilibaki kwa sababu ya vifaranga.

Mama hufuga kuku wa nyama. Kwa kawaida Desemba hapokei vifaranga wapya, lakini safari hii alipata oda ya harusi ya mwisho wa Januari, na mwenye oda hakutaka kusikia habari za Krismasi. Kwa hiyo tarehe 19 waliingia vifaranga 200 wa siku moja, na mtu akahitajika wa kukaa nao. Nilijitolea kabla mama hajamaliza kueleza.

Akafurahi, akadhani nimekua. Ukweli ni kwamba mwaka mzima nilikuwa naiomba nyumba ile iwe tupu.

Nilimaliza chuo miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo nimetuma maombi, nimeitwa kwenye usaili mara mbili, nimerudi, nimetuma tena. Katikati ya hayo yote naishi chumba kimoja na nguo za watu wengine. Mtu asiye na kazi nyumbani kwao hana saa iliyo yake. Ukikaa unaonekana umekaa. Ukishika simu unaonekana unachezea simu, hata kama unajaza fomu ya maombi ya kazi. Kila anayepita anakuona mtu wa kutumwa dukani. Sikuwahi kuteswa, nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nimebanwa tu, mpaka nikaanza kuamini kwamba siku nikiipata nyumba peke yangu hata siku kumi, nitajua la kufanya na maisha yangu.

Basi niliipata.

Siku ya kwanza nililala sebuleni, kwenye zulia, televisheni ikiwa imezimwa, kwa raha tu ya kusikia kimya. Siku ya pili nilikaa kwenye kiti cha baba. Kwetu kiti hicho hakikaliwi na mtu mwingine, na hakuna aliyewahi kutukataza, tunajua tu. Nikakisogeza karibu na dirisha, nikaangalia maembe yakidondoka kwa jirani na kunguru wakiyagombania. Baada ya saa moja nikakirudisha. Nilipiga magoti kuhakikisha miguu yake minne imeingia kwenye mashimo yake manne kwenye zulia.

Nilijaribu kupika chakula cha mtu mmoja, nikagundua nyumba yetu haina sufuria ya mtu mmoja.

Tarehe 23 nilipanda mwendokasi kutoka Kimara Mwisho hadi Kivukoni bila shughuli yoyote. Nikatembea mpaka Feri, nikasimama nikiangalia pantoni ikipakia watu wa Kigamboni. Dakika kumi hazijaisha nikawakumbuka vifaranga na maji yao, nikageuza. Saa mbili na zaidi barabarani kwa dakika kumi za bahari. Nilipofungua geti, ile hali ya kutotulia niliyodhani inatokana na kelele za watoto wa kaka ilikuwa imenitangulia ndani.

Sikuandika hata ukurasa mmoja wa yale niliyojiahidi kuandika. Nilikuwa nazunguka. Jikoni, bandani, sebuleni, bandani.

Usiku wa tarehe 27 na wa 28, nyimbo za kwaya zilipanda kutoka bondeni kwa spika, mpaka usiku wa manane. Nikasema moyoni, watu wanaendelea na sikukuu. Nikafunga dirisha.

Neno moja, maana tatu

Tangu siku ile nimekuwa naligeuzageuza neno *mwenyewe*.

"Niko mwenyewe" ni kwamba niko peke yangu. "Nimefanya mwenyewe" ni kwamba sikusaidiwa. Na "mwenyewe yupo?" ni swali la mwenye mali, mwenye kauli, yule ambaye ukishaongea naye umeongea na nyumba.

Siku zile nilikuwa mwenyewe kwa maana ya kwanza, na nilikuwa najisifu moyoni kwa maana ya pili. Ilipobisha hodi ile ya tatu, nikaikana.

Nimejitetea sana. Nimesema ni adabu, kwamba tumelelewa hivyo: mgeni akija, mtoto hukaribisha, hutoa kiti, huita wakubwa. Mtoto hapokei ujumbe mzito. Nimesema pia ni tahadhari, msichana aliye peke yake hatakiwi kufungulia kila mtu. Lakini utetezi huo wa pili unaanguka wenyewe. Mama aliniachia maneno kabisa kabla ya kupanda basi: "Mtu akiuliza, sema baba amelala." Mimi nikamwambia mtu getini kwamba wenye nyumba hawapo na wako Moshi. Kama angekuwa mwizi, ningekuwa nimempa ramani.

Kwa hiyo haikuwa adabu wala tahadhari. Swali lilinipita kwa sababu sikudhani linanihusu. Nilikuwa nautaka ukubwa wa kuamua saa ya kulala na saa ya kula, na wakati huohuo nimeushikilia utoto wa kutopokea ujumbe.

Sijui niliwezaje kuvibeba vyote viwili kwa miaka yote hiyo bila kuona.

Simu kutoka Rombo

Mama alipiga tarehe 30 jioni. Nyuma yake nilisikia watu wengi na mbuzi mmoja. Akauliza vifaranga, nikamwambia wazima, chanjo ya kideri nimewapa siku ya saba kama alivyoandika kwenye karatasi. Akafurahi. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na mazishi yalikuwaje?"

"Mazishi ya nani?"

Kukawa kimya. Nikasikia akiondoka penye watu.

"Bibi wa bondeni. Amezikwa jana. Ina maana hukwenda?"

Nikasema sikujua. Nikasema hakuna aliyeniambia. Akasema kundi la akina mama wa jumuiya limejaa ujumbe tangu tarehe 26, na mjumbe amempa taarifa kwamba alipita kila nyumba. Hapo ndipo daftari lile la kwapani liliponirudia.

"Alipita, mama. Lakini aliuliza kama wenyewe wapo. Nikamwambia hawapo."

"Na wewe hapo ulikuwa nani?"

Hakufoka. Ningependa kama angefoka.

"Nilidhani umeshakwenda," akasema. "Kutoka hapo mpaka kwao ni mwendo wa dakika tatu. Sikuona haja ya kukwambia."

Bibi wa bondeni alikuwa akiuza maandazi. Nilipokuwa darasa la kwanza mpaka la nne, wazazi wakiwa kazini na kaka yuko shule ya bweni, ufunguo wetu ulikuwa ukiachwa kwake. Nikitoka shule nilikuwa napita kuuchukua, na hakunipa kabla sijala. Andazi moja na chai ya rangi, wakati mwingine uji. Kisha alikuwa akitoa ufunguo kwenye bati la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati, ananikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayemkabidhi mwenziwe jambo. Nilikuwa na miaka minane.

Kwaya niliyoifungia dirisha ilikuwa inamwimbia yeye.

Nani alilala hapa?

Mwaka 2022, sensa ilipokuja, karani alikaa chini ya mwembe wetu na kishikwambi chake, akauliza swali ambalo wakati ule halikunigusa: nani walilala katika kaya hii usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Swali hilo halikutaja kiwanja ni cha nani wala hati ina jina gani. Waliolala ndio waliohesabiwa. Kisha akauliza mkuu wa kaya, sote tukamtazama baba.

Nimewaza: kama sensa ingefanyika usiku wa kuamkia 27 Desemba, nyumba ile ingekuwa na mtu mmoja. Karani angeandika jina langu kwenye mstari wa mkuu wa kaya, na kusingekuwa na mstari mwingine.

Na bado nisingeamini. Naandika hili nikijua baadhi yenu mtasema nakuza jambo dogo, lakini kwa mtoto wa kike wa kwetu jambo hili lina mizizi mirefu. Desturi ya kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, wengi mnaijua: mtoto wa kwanza wa kiume ana fungu lake, kitindamimba wa kiume hubaki na nyumba ya baba. Mimi ni wa katikati, tena msichana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na nyumbani hakuna aliyewahi kunitamkia kinyume. Baba yangu ni mtu wa haki. Lakini mtu husikia hata yasiyotamkwa. Nilisikia kila mara shangazi zangu wakisema "huyu ni wa kuondoka", kwa upendo kabisa, wakinifunga kanga. Nilisikia kila mara tulipokwenda Rombo, wajukuu wa kiume walipokuwa wanaonyeshwa mpaka wa kihamba, kuanzia sale lile, mmea unaopandwa mpakani, hadi sale lile, na mimi nikiwa jikoni namenya ndizi.

Mtaani Kimara mama anaitwa kwa jina la kaka yangu. Mimi ni "binti", au "mdogo wake fulani". Nimekaa mtaa huo maisha yangu yote na sidhani kama kuna watu kumi wanaolijua jina langu.

Kwa hiyo nilipojibu kwamba wenyewe hawapo, sikuwa nasema uongo. Nilikuwa nasema nilichofundishwa na kila mtu bila mtu yeyote kunifundisha.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mjumbe aliuliza, akanipa nafasi, nikamrudishia.

Tarehe 31 na tarehe 1 sikushuka bondeni. Nilivaa mara mbili, nikafika getini mara mbili. Ningesema nini? Mtu anayekwenda kutoa pole baada ya mazishi, na anaishi dakika tatu, anaeleza nini? Nikajiambia nitakwenda kesho. Nikajiambia nitamsubiri mama arudi twende wote, yaani nikarudi palepale pa wenyewe.

Saa saba usiku

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari mvua ilinyesha na upepo. Kilichoniamsha kilikuwa kimya. Feni ilikuwa imesimama.

Umeme ulikuwa umeisha. Asubuhi ya mwaka mpya nilikuwa nimeona uniti tisa kwenye mita, na mama alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: zisishuke chini ya kumi, taa za joto zinakula sana. Nikasema jioni. Jioni nikasema kesho.

Nilichukua tochi ya simu nikakimbilia bandani.

Vifaranga wa siku kumi na nne waliozoea mwanga na joto wakikosa vyote viwili kwa mpigo hawatawanyiki. Wanafuatana kwenye kona moja, kila mmoja anatafuta joto chini ya mwenzake, na wa chini wanakosa hewa. Nilikuta kichuguu cha manyoya kinachotetemeka. Nikapiga magoti kwenye maranda, nikaanza kuwatoa kwa mikono, huku na huku, na wao wakawa wanarudi palepale. Chini kabisa walikuwepo waliokwisha kulala moja kwa moja.

Nikampigia kaka, simu ikaita mpaka ikakata. Mama hapatikani. Kwenye simu nilikuwa na shilingi mia nane. Mawakala wote wamefunga. Chungu cha kuwekea moto kilikuwepo, lakini gunia la mkaa lilikuwa na vumbi tu, maana siku zote hizo nilipikia gesi, na sikuwa nimefikiria.

Nikasimama mlangoni mwa banda, mvua inanipiga. Na bondeni nikaona moto.

Penye msiba moto hauzimwi, hilo kila mtu analijua. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Nyumba pekee mtaa mzima yenye makaa saa saba ya usiku ilikuwa ile ambayo nilikuwa nimeshindwa kuikanyaga kwa siku tatu.

Nilichukua karai.

Makaa

Njia ilikuwa tope. Nilishuka pekupeku. Chini ya turubai akina mama walikuwa wamelala kwenye majamvi, na wawili walikuwa macho pembeni ya mafiga, chini ya kibanda cha mabati, wakichochea kuni chini ya sufuria kubwa la maji.

"Shikamooni."

"Marahaba. Karibu mwanangu, mbona umelowa hivyo?"

Nilikuwa nimepanga nianze na pole. Njia nzima nilikuwa narudia moyoni: poleni kwa msiba, nisameheni sikujua. Mdomo ulipofunguka ulisema, "Naomba moto. Vifaranga wanakufa."

Hata leo naona aibu kwamba hilo ndilo lilikuwa la kwanza.

Mmoja akainuka bila kuuliza. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kama wafanyavyo wafiwa, nikamtambua: binti mkubwa wa bibi, aliyeolewa Morogoro zamani. Akachukua sepeto, akachota makaa mekundu kutoka chini ya sufuria lao, akajaza karai langu. Mwenziwe akalifunika kwa kipande cha bati ili mvua isiyazime.

"Wa nyumba gani wewe?"

Nikataja geti letu, nikataja mama kwa jina la kaka.

Akanitazama kwenye mwanga wa moto. "Ndiye wewe uliyekuwa unaachiwa ufunguo hapa? Mama alikuwa anakusema."

Nikashindwa kuitikia. Nikasema, "Poleni dada. Poleni sana. Sikuja."

"Tumepoa. Kimbia, watakufa hao."

Nikapanda kilima na karai la moto kichwani juu ya kata ya kanga, mvua inachemka juu ya bati. Nilitia makaa kwenye chungu, nikakiweka katikati ya banda, nikatandika magunia madirishani upande wa upepo, nikaacha upande mmoja wazi ili moshi upate pa kutokea. Kisha nikakaa pale chini nikiwatenganisha kwa mikono kila walipotaka kurundikana. Taratibu walianza kukaa duara, mbali kidogo na chungu, kila mmoja na nafasi yake. Kifaranga aliyepata joto la kumtosha utamjua, ananyamaza.

Sikuwa na mahali pa kuzunguka. Kwa mara ya kwanza tangu tarehe 20 nilikaa sehemu moja mpaka kukakucha.

Asubuhi nilihesabu waliokufa. Kumi na saba. Niliwapanga kwenye mfuko, nikachimba shimo nyuma ya banda.

Saa moja wakala alipofungua nilinunua umeme kwa hela yangu. Ujumbe ulikuja na tarakimu zake ishirini, na juu yake makato: kodi ya jengo, 1,500. Ilikuwa ni manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kodi hiyo imekuwa ikikatwa kwenye umeme tangu mwaka 2021, na wapangaji wameilalamikia sana, kwamba analipa anayeingiza tokeni wakati nyumba si yake. Nami nilikuwa nimewahi kuunga mkono hoja hiyo kwa maneno makali. Asubuhi ile nilisimama kibandani kwa wakala nikiisoma mara mbili tatu, kisha nikaenda kuingiza namba.

Nikampigia mama nikamwambia kumi na saba. Akanyamaza kidogo, akauliza moto niliupata wapi. Nikamwambia. Hakuuliza tena habari za vifaranga.

Daftari

Nilioga, nikavaa gauni na kanga mbili, nikashuka kurudisha kipande chao cha bati. Vijana walikuwa wanafungua kamba za turubai. Mjumbe alikuwa amekaa kwenye meza ndogo ya plastiki, daftari mbele yake, anajumlisha.

Nilikuwa na shilingi elfu kumi mkononi. Nikamwamkia, nikaziweka mezani.

"Rambirambi, mzee. Naomba radhi nimechelewa."

Akazitazama, akafunua kurasa nyuma. Akaniwekea kidole kwenye mstari. Jina la baba, shilingi 20,000, tarehe 28.

"Ya nyumba yenu ilishafika," akasema. "Mama yako alituma kwa simu."

Sikujua. Mama hakuniambia hilo wala hakunitupia usoni. Nyumba ilikuwa imekwisha kuandikwa, na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo hakuwemo.

"Mzee, siku ile ulipopita, mbona hukuniambia?"

"Ulisema wenyewe hawapo."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayekurudishia kitu ulichosahau kwake. Kisha akavuta kalamu, akafunua ukurasa wa mwisho.

"Sasa hii niandike nani?"

Nikamtajia jina langu. Akainua uso. Amenijua tangu nabebwa mgongoni, na nilimwona analisikia kwa mara ya kwanza. Akaniomba nilirudie. Nikalirudia polepole, na la baba, na la ukoo, akaandika yote matatu kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini, akaandika kiasi.

Binti wa bibi alitoka ndani na vikombe. Akaniambia nikae ninywe chai kwanza, kuna maandazi. Nilikaa. Nilikunywa haraka, chai ikiwa bado ya moto, maana ilikuwa siku ya chanjo ya Gumboro. Vinyweo nilikuwa nimevitoa bandani tangu saa mbili ili wapate kiu, maji ya mvua yasiyo na klorini nilikuwa nimeyakinga kwenye ndoo, na dawa ilikuwa inaningoja nyumbani, kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu.